Sifuri moja mbili tatu, pumua: jinsi programu inavyopanga namba ya simu unapoiandika

Ukimwomba mtu namba yake pale sokoni Soweto, Mbeya, hakutajii tarakimu kumi kwa mkupuo. Anataja nne, ananyamaza uandike. Anataja tatu, ananyamaza tena. Anamalizia tatu, kisha anasema, "Hebu nisomee." Nawe unamsomea kwa mikato ileile. Hakuna darasa lililotufundisha hivyo. Sikio na mkono vimekubaliana vyenyewe, kama mama muuza nyanya anavyopanga mafungu ili mteja ahesabu kwa jicho bila kugusa.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller alichapisha makala akieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba hivi kwa mara moja, viwili pungufu au viwili zaidi, na kwamba njia ya kubeba vingi zaidi ni kuvifunga katika mafungu. Tarakimu kumi zilizoshikana ni vitu kumi. Zikikatwa nne, tatu, tatu, zinakuwa vitu vitatu, na jicho likirudi kuhakiki linajua liliishia wapi.

Programu nzuri ya simu hufanya kazi ya yule mtaja namba. Wewe unabonyeza tarakimu tu, yenyewe inaweka nafasi, na kwenye skrini inatokea 0123 456 789. Nitaitumia namba hii makala nzima kwa kuwa hapa Tanzania laini za mkononi huanza na 06 au 07, hivyo hakuna mtu atakayesumbuliwa kwa kupigiwa.

Kwa kuitazama, ni kazi ya nusu saa. Nami niliiona hivyo, mpaka siku mzee mmoja alipokosa hela yake.

Namba ya mzee

Tulikuwa tumetengeneza programu ndogo kwa kikundi kinachokusanya parachichi Rungwe. Mkulima anashusha mzigo, karani anasimama kwenye mzani, kilo zinaandikwa, kisha mkulima anataja namba ya kupokelea malipo.

"Namba yako, baba?"

"Andika, mwanangu. Sifuri moja mbili tatu…"

Mvua za Tukuyu unazijua. Karani ameinamisha simu chini ya mwavuli, mzee anataja, na katikati ya kutaja linapita lori la mizigo linaloelekea Kyela, honi juu. Karani anasikia nne za mwanzo na tatu za mwisho. Anaandika alizosikia, anaomba arudiwe zile za kati, anagusa skrini katikati ya namba, anaziingiza. Anahesabu: tarakimu kumi. Kisanduku kina rangi ya kijani. Anahifadhi, anamwita mkulima mwingine.

Wiki iliyofuata mzee akaja kusema hajaona kitu. Programu ilionyesha ameshalipwa. Namba iliyohifadhiwa ilikuwa na tarakimu zote alizotaja, ila tatu za kati zilikuwa zimepinduka. Karani aliapa kwamba aliandika kama alivyotajiwa, na alisema kweli. Mkosaji alikuwa msimbo, yaani maagizo ya programu, nilioandika mimi.

Fuata nami taratibu, maana kiini cha jambo lote kiko hapa.

Kwa kompyuta, nafasi nayo ni herufi kama herufi nyingine. Inachukua mahali pake kwenye mstari na inahesabiwa. Programu inayopanga namba hufanya hivi kila unapobonyeza: inachukua maandishi yote yaliyomo kwenye kisanduku, inaondoa nafasi zote, inazipanga tarakimu upya kwa mikato, kisha inarudisha maandishi mapya mahali pa yale ya zamani. Hilo ni rahisi. Tatizo ni kishale, yaani kale kamstari kembamba kanakomweka na kuzima kuonyesha tarakimu ijayo itaingia wapi. Maandishi yakibadilishwa yote kwa mpigo, kishale nacho kinapoteza makao yake. Simu nyingine hukitupa mwanzo wa mstari, nyingine mwisho. Ni lazima mtengeneza programu akirudishe mwenyewe kwa mkono.

Nilikirudisha hivi: kama kilikuwa mwisho, kibaki mwisho, kama kilikuwa katikati, nihesabu herufi zilizokuwa kushoto kwake, na baada ya kupanga nikiweke baada ya idadi ileile ya herufi. Ilionekana ni akili timamu kabisa.

Sasa mweke karani. Kwenye skrini kuna 0123 789. Amegusa baada ya 3, kabla ya nafasi. Kushoto kwa kishale kuna herufi nne. Anabonyeza 4, kushoto zinakuwa tano. Programu inapanga upya na kupata 0123 478 9, kisha inakiweka kishale baada ya herufi ya tano. Lakini herufi ya tano sasa ni ile nafasi. Kishale kimekaa kushoto kwa 4 badala ya kulia kwake. Karani anabonyeza 5, inaingia mbele ya 4, na skrini inasema 0123 547 89. Anabonyeza 6. Inatoka 0123 564 789.

Ametaja mzee 456. Imehifadhiwa 564. Hakuna tarakimu iliyopotea, hakuna iliyozidi, na urefu ni sahihi. Ukaguzi wowote wa kawaida ungeipitisha namba hiyo bila kusita, na ndiyo maana naliogopa kosa la aina hii kuliko programu inayozimika. Programu ikizimika, kila mtu anaona. Hii inabadilisha namba ya mtu kimyakimya, tena inampa karani rangi ya kijani. Unapotuma hela mkononi, menyu ya huduma ya fedha hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na wengi wameokolewa na jina hilo. Sisi tulikuwa tunatuma kwa orodha. Hakuna aliyesoma jina.

Na kama karani angegusa upande wa pili wa nafasi, kulia kwake, namba ingetoka sawa. Upana wa ukucha. Ndiyo sababu tuliijaribu mara nyingi ofisini bila kuliona kosa.

Tiba yake ni fupi kuliko ugonjwa: usihesabu herufi, hesabu tarakimu. Kabla ya kupanga, uliza kuna tarakimu ngapi kushoto kwa kishale. Baada ya kupanga, kiweke kishale mara tu baada ya tarakimu ya idadi hiyo, nafasi ziwe ngapi ziwavyo. Karani alipobonyeza 4, kushoto palikuwa na tarakimu tano. Baada ya kupanga, tarakimu ya tano ni ileile 4, na kishale kinakaa kulia kwake, tayari kupokea 5. Nafasi zikiongezeka au zikihama, haidhuru, kwa sababu hazimo kwenye hesabu.

Kitufe cha kufutia

Kuandika ni nusu ya kazi. Watu hufuta, na kufuta kuna mtego wake.

Kuna watengeneza programu wanaoweka nafasi mapema: ukishaandika 0123, papo hapo programu inaongeza nafasi ikingoja tarakimu ya tano. Inapendeza kuitazama. Halafu mtu anagundua kwamba 3 si sahihi, anabonyeza kufuta. Kinachofutwa ni nafasi. Programu inaona tarakimu nne, inakumbuka sheria yake, inairudisha nafasi. Anafuta tena, inarudi tena. Nimemwona mama mmoja mwenye duka la miamala Mwanjelwa akibonyeza kitufe hicho mara kumi, kisha akafunga programu yote na kuanza upya, akiamini simu yake imeharibika. Simu ilikuwa nzima.

Nafasi isiwekwe mpaka tarakimu inayoifuata ifike. Ukiandika 0123, pabaki 0123. Ukiongeza 4, ndipo iwe 0123 4. Na mtu akiwa katikati ya namba, kishale kikiwa mara tu baada ya nafasi, akabonyeza kufuta, elewa anachotaka: anataka tarakimu iliyo nyuma ya nafasi iondoke. Hakuiandika nafasi, kwa hiyo hawezi kuwa anataka kuifuta.

Ukiyatazama haya yote kwa pamoja, utaona chanzo ni kimoja: tumechanganya namba yenyewe na jinsi inavyoonekana. Dawa iliyo safi kuliko zote ni kuvitenganisha tangu mwanzo. Kisanduku kihifadhi tarakimu tupu, na nafasi zichorwe tu juu ya skrini kwa ajili ya jicho, zisiingie kamwe kwenye maandishi yenyewe. Zana za kisasa za Android zina kifaa cha kazi hiyo, VisualTransformation, ambacho unakipa tarakimu na unakieleza kila hatua ya kishale upande wa tarakimu inalingana na hatua gani upande wa maandishi yaliyochorwa. Wanaotumia Flutter, zana nyingine ya kutengenezea programu za simu, wana TextInputFormatter, ambayo hubadilisha maandishi yenyewe na hivyo inadai ile hesabu ya tarakimu niliyoieleza. Nikiwa na hiari nachagua njia ya kuchora.

Sifuri, 255, na namba ya kupita mpakani

Mpaka hapa nimejifanya kana kwamba kila mtu huanza na sifuri. Sivyo. Mtu yuleyule leo ataandika 0123 456 789, kesho +255 123 456 789, na keshokutwa 255123456789 bila alama ya kujumlisha, kama alivyoiona kwenye ujumbe. Zote tatu ni simu moja. Ile sifuri si sehemu ya namba kwa maana ya kimataifa. Ni mlango wa kupigia ndani ya nchi. Ukitoka nje ya mlango, unaiacha, unavaa 255.

Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, wenye makao yake Geneva, una kanuni iitwayo E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba, bila nafasi wala mabano, na jumla ya tarakimu isizidi 15. Hivyo ndivyo namba inavyopaswa kulala kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa za programu: +255123456789. Nafasi ni nguo za kutokea mbele za watu, na nguo hizo zinaweza kubadilika bila mwili kuguswa. Namba pia ihifadhiwe kama maandishi, kamwe isihifadhiwe kama namba ya hesabu. Kompyuta ikidhani ni hesabu, inaiona sifuri ya mwanzo haina thamani na kuitupa. Karani yeyote aliyewahi kufungua orodha ya wanachama kwenye Excel anaijua safu ile ya namba za simu zilizopoteza sifuri zote, au mbaya zaidi, zilizogeuka 2.55E+11.

Wapo wanaoandika +255 mapema pembeni mwa kisanduku ili mtumiaji amalizie. Ni sawa, lakini watu wataandika sifuri bado, kwa sababu mkono umezoea. Ipokee sifuri hiyo na uiondoe kimya, usimgombeze mtu. Ila usiifanye kuwa sheria ya dunia nzima: Italia, kwa mfano, namba za simu za mezani hubaki na sifuri yao hata baada ya +39.

Hapa Nyanda za Juu Kusini kuna jambo dogo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Msimbo wa eneo wa simu za mezani za Mbeya ni 025. Mtu akianza kuandika 25 bila sifuri, anaelekea wapi? Huenda anaandika 255 ya nchi. Huenda anaandika simu ya mezani ya ofisi fulani hapa mjini, akiwa ameacha sifuri. Katika tarakimu ya pili huwezi kujua, na programu isijifanye inajua. Inabidi iwe tayari kubadili mawazo. Na mikato nayo hubadilika: simu ya mezani huandikwa tatu, tatu, nne, kama 025 na kisha mafungu mawili, wakati ya mkononi ni nne, tatu, tatu. Kwa hiyo ukiandika 0, mpangaji, yaani ile sehemu ya programu inayopanga namba, hajui. Ukiongeza 2 anaanza kushuku ni ya mezani. Ukiongeza 7 badala ya 2 anajua ni ya mkononi. Kila tarakimu mpya inahitaji namba yote ipangwe upya tangu mwanzo. Mpangaji anayeongeza nafasi moja tu mwishoni na kusonga mbele hawezi kurekebisha alichokosea nyuma.

Nenda sasa Tunduma. Barabara moja, upande huu Tanzania, upande ule Nakonde ya Zambia. Mfanyabiashara ana laini ya +255 na laini ya +260, na mteja wake wa mchele anaweza kuwa na +265 ya Malawi kwa kuwa wamefahamiana Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi. Programu iliyofungwa kwa tarakimu kumi zinazoanza na sifuri inawaambia watu hawa kwamba namba zao si namba. Mtu akianza na alama ya kujumlisha, acha kutumia mikato ya Tanzania mpaka umejua nchi.

Kuandika sheria za kila nchi kwa mkono ni kazi isiyoisha. Majirani zetu Kenya walizoea laini za mkononi za 07 kwa miaka mingi, kisha zikaja za 01, na kila programu iliyoandikwa "lazima 07" ikawa inawakataa watu halali. Kwa sababu hii nashauri bila kusita kutumia libphonenumber, maktaba ya msimbo iliyotolewa na Google na iliyo wazi kwa kila mtu. Ina sheria za nchi duniani, inasasishwa zinapobadilika, na ndani yake kuna mpangaji wa papo kwa papo unayemlisha tarakimu moja moja naye anakurudishia maandishi yaliyopangwa. Anaweza hata kukukumbushia mahali pa kishale. Ndiyo inayofanya kazi ndani ya simu za Android unapopiga namba.

Usijaribu kukisia mtandao wa mtu kwa tarakimu za mwanzo na kumwekea nembo yake pembeni. Tangu 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, na nembo uliyoikisia itamtisha mtu ambaye hajakosea kitu.

Kubandika

Namba nyingi siku hizi haziandikwi. Hunakiliwa kutoka kwenye ujumbe na kubandikwa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kisanduku kilichowekewa kikomo cha herufi kumi, kwa hoja kwamba namba ina tarakimu kumi. Bandika +255 123 456 789 humo, kitabaki +255 123 4. Hata 0123 456 789 yenye nafasi zake ina herufi 12, kwa hiyo itakatwa 89 za mwisho. Kikomo kiwekwe kwenye tarakimu, na kiwekwe baada ya kusafisha.

Kusafisha nako kuna siri zake. Namba iliyonakiliwa kutoka kwenye orodha ya majina ya simu fulani huja na herufi zisizoonekana, zile zinazoiambia kompyuta maandishi yaelekee kulia au kushoto. Jicho haliwezi kuziona, lakini programu inayofuta nafasi za kawaida tu itaziacha humo, na namba iliyo sahihi kabisa itakataliwa bila mtu kujua kwa nini. Usiorodheshe vya kuondoa. Orodhesha vya kubakiza: tarakimu, na alama moja ya kujumlisha ikiwa mwanzoni. Vingine vyote viende.

Na rangi nyekundu isubiri. Programu inayopaza "Namba si sahihi" mtu akiwa ameandika 01 inamkatiza mwenzake katikati ya sentensi. Hukumu itolewe mtu anapoondoka kwenye kisanduku, na ujumbe useme kinachopungua: "Zimebaki tarakimu mbili." Kibodi nayo iwe ile ya tarakimu kubwa za kupigia simu. Mkono wenye tope la shamba la viazi Uyole hauwezi kugusa vitufe vidogo vya juu ya herufi.

Siku hizi, kabla ya kutoa toleo jipya, tunampa simu mtu ambaye hakuandika msimbo. Mmoja anamtajia namba kwa sauti, anameza tatu za kati kwa makusudi. Mwandikaji anamaliza, anaombwa arudi azijaze, mara ya kwanza akigusa kushoto kwa nafasi, mara ya pili kulia kwake. Anafuta kutoka katikati. Anabandika namba yenye +255 kutoka kwenye ujumbe, kisha anaandika ya Zambia. Halafu tunafungua kanzidata, hatuangalii skrini, na kusoma kilichohifadhiwa. Ikiwa tunaona +255123564789, hakuna anayekwenda nyumbani.